Ukurasa wa 47 Umenivua Utani

Fikirini Halfani Chitenje,
Fundi Baiskeli na Mkulima wa Korosho,
Masasi.
3 Septemba 2024

Kwa Mwalimu Ladislaus Nikolao,
Katekista Mstaafu na Mtunza Madaftari ya Kale ya Ubatizo na Maziko,
Newala.

YAH: MALALAMIKO JUU YA UKURASA WA 47, SAFU YA MWISHO

Ndugu Mwalimu,

Nakusalimu kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya leo, nayo si nyingi. Salamu zikikufikia zimepungua, usimlaumu dereva wa basi. Nimezipunguza mimi mwenyewe kabla ya kufunga bahasha.

Mimi si mgeni kwako. Ndimi yule Myao wa Masasi ambaye kwa miaka arobaini hakuna maziko ya watani wangu Wamakonde wa Kitangari yaliyokwisha bila mimi kuyavuruga. Kazi ya mtani unaijua. Wafiwa wanalia, yeye anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Kaburi likishachimbwa, yeye analala humo na hatoki mpaka aletewe kuku. Wazee wakitoa wasia, yeye anauliza kama marehemu ameacha pia deni la ugoro. Watu wanacheka bila kutaka, na mtu akishacheka anakumbuka kula. Ni kazi ya heshima, haina mshahara, na hakuna aliyeifanya kama mimi. Najisifu mwenyewe kwa kuwa walionisifu wengi nimeshawazika.

Kazi hiyo mmeninyang'anya wewe na kalamu ya marehemu baba yako. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili baadaye usije ukasema hukuelewa.

1. Kuhusu mpwa wangu Shamila. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi, na nilimpeleka mimi chuoni akasomee utunzaji wa kumbukumbu, nikidhani ni kazi ya kupanga mafaili kabatini, kazi safi isiyomdhuru mtu. Mwezi wa sita akaja likizo na kazi ya chuo: afuatilie ukoo wake vizazi vitatu kwa kutumia kumbukumbu za vizazi na vifo peke yake, bila kuuliza wazee. Narudia, Mwalimu: bila kuuliza wazee. Mimi nimekaa hapa barazani, nina miaka sitini na sita, meno ninayo na kumbukumbu ninazo, halafu mtoto ananipita na kalamu yake anakwenda kuyauliza makaratasi.

Alianza na cheti cha kifo cha bibi yake, yaani mama yangu mzazi Asumini, aliyefariki mwaka 1994. Mahali pa kuzaliwa pameandikwa Kitangari. Nikamwambia karani alisinzia, maana mama yangu alikuwa Myao wa Masasi kama mimi na kama baba yangu. Akanionyesha kwamba aliyetoa taarifa ni baba yangu mwenyewe, na sahihi yake ipo. Nikamwambia basi baba naye alisinzia. Mtu mwenye adabu angeishia hapo. Shamila akapanda basi kuja Newala, akakukuta wewe na madaftari yako, huna kazi, unangoja mtu wa kukuuliza.

2. Kuhusu safu ya mwisho. Daftari la maziko lina safu za kutosha: namba, tarehe, jina, umri, kijiji. Maiti yeyote anatambulika kwa hayo. Lakini aliyelichora akaongeza safu ya "Mengineyo", na marehemu baba yako, Katekista Nikolao, hakuwa mtu wa kuona nafasi tupu akainyamazia. Ukurasa wa 47, mwaka 1971, amezikwa bibi mmoja wa Kitangari aitwaye Nambunga. Hapo pangetosha. Yeye akaendelea, kwa mwandiko mzuri wa kukera:

"Ameacha mabinti wawili. Magdalena yupo Kitangari. Anastasia, mkubwa, alibatizwa hapa 1936, akaachwa Masasi kwa Wayao mwaka wa njaa akiwa na miaka sita. Sasa ni Mwislamu, anaitwa Asumini, mke wa Halfani fundi baiskeli. Marehemu aliyasema haya mwenyewe siku alipopakwa mafuta ya wagonjwa, wala hakutaka yatangazwe."

Hakutaka yatangazwe! Ndiyo maana baba yako akayaandika kwa wino.

Shamila aliporudi aliniambia, "Mjomba, kaa kwanza." Nikamjibu kwamba nimekaa. Akasema, "Basi shika kitu." Nikashika pampu ya baiskeli. Akanisomea.

Nawe unajua, Mwalimu, kwamba kwetu sisi wa huku, Myao kwa Mmakonde, ukoo unafuata mama. Mama yangu ni binti wa Nambunga. Magdalena ni mdogo wake. Watoto wa Magdalena ni Petro na Bibiana, na hao Petro na Bibiana ndio hasa watani wangu wa miaka arobaini. Watoto wa mama mkubwa na mama mdogo hawana utani. Ni ndugu. Nilibaki na ile pampu mkononi mpaka mteja akaja kuniuliza kama naiuza.

Kesho yake nilipanda mwenyewe kuja kwako, nikakuomba kwa lugha nzuri uifute mistari minne tu. Ukanijibu, "Fikirini, mimi natunza, sifuti." Halafu ukanikaribisha ming'oko ya kuchemsha, mizizi ile ya porini, kana kwamba tumemaliza. Niliila kwa sababu ya safari. Usije ukaichukua kama makubaliano.

3. Kuhusu Bibiana. Kwa haki ya utani nimemwita "mke wangu" tangu mwaka 1984. Nimemwita hivyo bombani mbele ya wanawake waliopanga ndoo. Nimemwita hivyo mnadani. Nimemwita hivyo mbele ya padre, tena nikamwomba padre atuharakishie. Naye hakuwa bubu: amenimwagia majivu, amenimwagia maji ya kuoshea vyombo, na siku ya arobaini ya mumewe alinirushia kiatu akitangaza kwamba hata mbuzi wake angenikataa. Watu wa Kitangari walikuwa wakitusubiri kama ngoma.

Sasa ukurasa wa 47 unasema huyu ni dada yangu mdogo. Naomba unijibu kwa maandishi, wewe usiyefuta: maneno niliyomwambia dada yangu kwa miaka arobaini nayapeleka wapi? Yana safu yake?

4. Kuhusu kichwa changu. Mwezi uliopita alifariki Mama Oliva wa Makote, mtu wa ukoo huohuo. Nilidhani habari bado hazijapanda mlima, nikaenda nikiwa nimejiandaa vizuri, maana marehemu alikuwa na namna yake ya kuweka mikono kiunoni akiongea, na mimi nimeifanyia mazoezi tangu yu hai. Kumbe Shamila ameshawapigia simu, eti "kuthibitisha taarifa".

Niliingia uwanjani na mikono kiunoni. Hakucheka mtu. Mzee Nurdin, mume wa marehemu, akanijia, akanishika mkono kwa upole, upole wa kutisha, akasema, "Pole sana, shemeji. Umefiwa." Nikakalishwa mkekani na wafiwa. Sijafungua mdomo, wembe huo. Nimenyolewa kama mfiwa, Mwalimu. Nimeshuka Masasi kichwa kinang'aa kama kengele ya baiskeli mpya, na wateja wangu wananipa pole bila kujua wananipa ya nini.

5. Kurwa hachekeshi. Hili nimelipa namba yake kwa sababu linastahili. Nafasi yangu pale Makote alipewa Kurwa, Myao kwa mama na kwa baba, vyeti anavyo. Aliingia kaburini akakaa kama mtu anayengoja basi. Alidai kuku kwa kunong'ona, akapewa, akasema asante. Asante! Kisha akanigeukia mimi pale mkekani, akafanya mzaha mmoja juu ya upara wangu, akaurudia mara tatu kwa wasiosikia. Mimi nilikuwa na majibu saba, mawili kati yake yangemrudisha Masasi kwa miguu, lakini mfiwa hajibu. Hayo ndiyo manufaa ya kumbukumbu sahihi: kaburi limepata mtu mwenye karatasi na msiba umekosa kicheko.

6. Kuhusu kesi yangu. Kumdhihaki maiti wa ukoo wako ni kosa, na mimi nimehesabu: nimelala katika makaburi kumi na moja ya ndugu zangu mwenyewe. Wazee wa Kitangari wamekaa, wakaamua kwamba jambo zito namna hii halisikilizwi ila na mwanaume mkubwa wa ukoo kwa upande wa mama. Huyo alikuwa Petro, naye amefariki mwezi wa tatu. Wakatafuta anayefuata kwa umri, kwa kutumia ukurasa wako, wakanipata mimi.

Kwa hiyo mshtakiwa ni mimi na mwamuzi ni mimi. Nimekwisha kuketi mara mbili hapa barazani kuisikiliza kesi hiyo. Mara ya kwanza mshtakiwa hakuonyesha majuto yoyote, akamjibu mwamuzi vibaya. Mara ya pili mwamuzi alianza kumwonea huruma mshtakiwa, ikabidi niahirishe. Walalamikaji ni wale marehemu kumi na mmoja, na kwa kuwa wewe ndiye mtunzaji wao, nakuagiza uwalete.

7. Kuhusu mama yangu. Hapa sitaandika mengi.

Mwaka 1984 mimi sikuwa na habari na Kitangari. Ni mama aliyeniita akasema, "Kuna msiba Kitangari, kwa watani zetu. Nenda ukawachekeshe." Akanifungia unga nikapeleke. Niliporudi akaniuliza nani alikuwepo, nani alilia sana, nyumba wameiezeka kwa nini. Nikadhani ni umbea wa kawaida wa wanawake. Kila msiba wa kule, unga ulikuwa tayari kabla sijavaa viatu.

Mwaka 1989 akafariki Magdalena. Siku ile nilifanya kazi bora kuliko zote maishani mwangu. Nilimwigiza Magdalena anavyobishana na ndoo ya maji inayovuja, nikaisemea ndoo na nikamsemea yeye, mpaka padre akageukia ukutani. Nilirudi Masasi nimevimba kichwa, nikamsimulia mama. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaniuliza, "Alikuwa anasimamaje?" Nikasimama. "Na mkono?" Nikaweka mkono. Akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaingia ndani, na chakula cha siku ile hakukigusa.

Kwa miaka thelathini na mitano nimeikumbuka siku hiyo kama ushindi. Daftari lako limenichukulia na hiyo, na badala yake limenipa kitu kingine ambacho sikukiomba. Na pale mahali pekee ninapotaka liseme, limenyamaza. Njaa ilipokwisha, kwa nini Nambunga hakushuka Masasi kumchukua mwanawe? Safu ya Mengineyo ilikuwa bado na nafasi ya vidole viwili. Niliipima siku ile ulipokwenda kuniletea ming'oko. Baba yako aliyaandika yote yanayoniumiza, wino ukamwishia penye jibu.

8. Kuhusu Petro. Mke wangu Pili alipofariki mwaka 2015, nilikaa siku tatu bila kutia kitu kinywani. Shehe alinisihi, majirani walinisihi. Siku ya nne akashuka Petro kutoka Kitangari kama mtani wangu. Hakunipa pole. Alikalia kiti changu, akajifunga kanga ya marehemu, akaanza kunigombeza kwa sauti ya Pili, neno kwa neno, juu ya matairi niliyoyajaza sebuleni. Sijui aliyasikia lini. Nilicheka nikaona aibu, nikacheka tena, halafu nikaomba uji.

Mtu huyo ndiye aliyefariki mwezi wa tatu. Nami nikaenda nikafanya kazi yangu. Nilikohoa kikohozi chake, nikatoka uwanjani kama yeye alivyokuwa akitoka kanisani kabla ya matangazo, nikalala kaburini mwake nikamwambia asogee, asijifanye mwenye nyumba. Watu walicheka sana. Mtani halii. Ndiyo sheria, na mimi sijawahi kuivunja, ingawa mle chini nilikaa kidogo zaidi ya kawaida, na nilipotolewa nilisingizia udongo umeniingia machoni.

Miezi mitatu baadaye ndipo daftari linaniambia nilikuwa na haki ya kulia. Mwalimu, daftari limelijua jambo hili tangu 1971! Lilikuwa na muda wa kutosha. Kama lilikuwa na la kusema, lingesema mwezi wa pili, Petro akiwa hai, tukae wote wawili tulicheke. Na kama limechelewa, lingenyamaza moja kwa moja. Kuchelewa namna hii ni ukatili, na hakuna mnyama anayefanya hivyo isipokuwa karatasi.

Kwa sababu hizo zote, natoa madai yafuatayo kwa moyo mtulivu.

Kwanza, ukurasa wa 47 ubandikwe karatasi nyeupe kwa gundi ya wali, mbele ya mashahidi. Ukishindwa, daftari lote lifungiwe sandukuni na ufunguo utupwe bondeni, upande wa mbali. Ukishindwa na hilo, madaftari yote ya vizazi na vifo ya huku kusini yazikwe kwa heshima zote za maziko, kila moja na kaburi lake, na Kurwa ndiye awe mtani, ili tuwe na hakika kwamba hakuna atakayecheka. Kuanzia sasa mtu akizaliwa aandikwe jina, akifa lifutwe, na karani mwenye hamu ya kuandika zaidi apewe shamba la mikorosho alipalilie mpaka hamu imwishe.

Pili, nitengenezewe Cheti cha Kutokuwa Ndugu, chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba mimi Fikirini sina uhusiano wowote wa damu na mtu yeyote wa Kitangari, ili niweze kuwahudumia kama zamani.

Tatu, chuo cha Shamila kiandikiwe barua. Amepewa alama tisini kwa kazi ile. Mimi nimepoteza utani, nywele na usingizi, yeye amepata tisini. Na mwalimu wake ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Safi, lakini ungeweza kwenda mbali zaidi." Mbali wapi? Amebakiza kunifukua.

Nakupa siku kumi na nne. Zikipita bila majibu nitakuja mwenyewe, na safari hiyo sitakula kitu kwako.

Nisalimie mama watoto, wajukuu, padre ambaye namwomba radhi kwa lile la kutuharakishia, majirani zako wote wa kulia na wa kushoto, na yeyote atakayekukuta ukiisoma barua hii. Asiyenijua mwambie zamani nilikuwa mtu wa kuchekesha.

Ni mimi niliyevuliwa,
Fikirini Halfani Chitenje

Nakala kwa:
Shamila, aisome bila kuuliza wazee.
Kurwa, ajifunze.

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, ndiyo maana bahasha imekunjamana.

Usifute kitu. Usibandike karatasi, wala usimpe mtu yeyote huo ufunguo. Nakuomba unitolee nakala mbili za ukurasa wa 47, zenye muhuri, na safu ya mwisho isomeke vizuri. Shamila atazifuata Ijumaa. Mpe ming'oko, anaipenda.

Bibiana ameshuka Masasi leo asubuhi. Nilimwona anatoka kituoni na mfuko kichwani, nikafungua mdomo kumtukana kama kawaida, nikakumbuka siruhusiwi, nikabaki hivyo hivyo mdomo wazi. Akafika, akatua mfuko, akatoa koti la Petro, lile la kijivu la Jumapili. Akasema nguo nyingine zote ziligawanywa tangu mwezi wa nne, ila koti huwa ni la kaka wa marehemu, na wao walijua hana kaka, basi likabaki limening'inia kwenye msumari na kila mtu akilipita analiangalia. Nimelivaa. Mikono ni mifupi na kwapani linabana, na sitalivua.

Halafu akapiga goti pale pale kwenye vumbi, mbele ya wateja, akasema, "Shikamoo, kaka."

Nilimwitikia, "Marahaba, dada." Nikamwambia asimame kwanza, naingia ndani kumtafutia kiti. Viti vitatu vilikuwa pale barazani, na yeye aliviona. Nilikawia sana huko ndani.